Mgonjwa Salama, Zamu kwa Zamu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila kumi wanaohudumiwa hupata dhara linalotokana na huduma yenyewe, wala si na ugonjwa uliompeleka hospitali. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Nusu hivi ya hayo yanayozuilika yanahusu dawa: dozi iliyozidi, dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, sindano ya msuli iliyochomwa kwenye mshipa. Mengine ni maambukizi yanayopatikana wodini, vidonda vya kulalia, kuanguka kutoka kitandani, damu isiyo ya kundi la mgonjwa, na hali iliyobadilika usiku bila mtu kugundua mpaka kunakucha.

Karibu kila moja ya mambo hayo hupitia kwa muuguzi kabla ya kumfikia mgonjwa. Daktari hupita raundi akaenda kwingine, mfamasia hutoa dawa dirishani, na mtu wa maabara huona chupa ya damu tu. Muuguzi na mkunga ndio wanaobaki na mgonjwa usiku na mchana, kwa hiyo ndio walio mahali pazuri kuliko wote pa kulizuia kosa, liwe lao au la mwenzao. Uzoefu wa hospitali za Afrika Mashariki unaonyesha pia kwamba tofauti kati ya wodi salama na wodi ya hatari haitokani na wingi wa vyeti. Wodi salama ina mambo machache ambayo kila mtu anayajua, yanafanywa kila mara bila kurukwa, na yanafanyiwa mazoezi palepale kazini.

Kukabidhiana zamu

Taarifa nyingi hupotea wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Ripoti inayosomwa mezani haraka haraka, wa usiku akiwa ameshashika mkoba, humwachia anayeingia orodha ya majina tu. Ripoti nzuri hutolewa kitandani, wote wawili wakimtazama mgonjwa, dripu, mpira wa mkojo, bendeji ya kidonda na chati yake. Inachukua muda zaidi kidogo, lakini anayeingia anaona kwa macho yake kile anachokabidhiwa.

Mpangilio unaotumika sana duniani ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini, nao una sehemu nne: hali iliyopo sasa, historia kwa ufupi, tathmini ya anayetoa taarifa, na ombi lake. Kwa Kiswahili cha wodini husikika hivi: “Mama wa kitanda cha sita. Alifanyiwa upasuaji wa uzazi jana saa kumi jioni. Saa nane usiku presha ilikuwa 110 kwa 70, saa kumi na mbili na nusu ikawa 90 kwa 50, na mapigo ni 124. Mkojo tangu saa nane haujazidi mililita 60. Nahisi anavuja damu ndani. Dokta nimempigia saa kumi na mbili na dakika arobaini, yuko njiani. Naomba tumpigie tena sasa hivi, na maabara waulizwe kama damu ya kundi lake ipo.”

Sehemu mbili za mwisho ndizo zinazorukwa zaidi. Wauguzi wengi wamelelewa kwenye utaratibu unaowataka wataje vipimo na kumwachia daktari aseme maana yake. Muuguzi aliyekaa na mgonjwa saa kumi ana maoni yenye uzito, na kuyanyamazia hakumheshimu daktari, kunamnyima habari. Mpangilio huohuo hutumika kwenye simu ya usiku, na hapo humsaidia muuguzi mdogo kuzungumza na daktari bingwa bila kubabaika.

Ni nani huyu kitandani

Namba ya kitanda haimtambulishi mgonjwa. Wagonjwa huhamishwa, na wodi ikijaa wawili hulala kitanda kimoja. Majina nayo hugongana: wodi moja inaweza kuwa na akina Fatuma Juma wawili na akina mama Neema watatu. Kabla ya dawa, damu, kipimo au upasuaji, mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili, kwa kawaida majina yake kamili na namba ya faili au tarehe ya kuzaliwa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Swali “Wewe ndiye Asha?” hupata jibu la “ndiyo” hata kutoka kwa mtu mwenye homa kali, asiyesikia vizuri, au mwenye adabu asiyetaka kumpinga mhudumu. Swali salama ni “Naomba unitajie majina yako yote,” kisha jibu lilinganishwe na faili. Mgonjwa asiyejitambua na mtoto mchanga wavalishwe mkanda wa jina. Mkanda wa mtoto mchanga, wenye jina la mama, jinsi ya mtoto, tarehe na saa ya kuzaliwa, ufungwe kabla mtoto hajatenganishwa na mama yake kwa sababu yoyote ile.

Kwenye damu, ukaguzi ufanywe na watu wawili kitandani kwa mgonjwa, kila mmoja akisoma mwenyewe: jina, namba, kundi la damu na tarehe ya kuisha muda kwenye chupa. Dakika 15 za mwanzo muuguzi asiondoke, kwani madhara makubwa ya damu isiyolingana mara nyingi hujitokeza hapo kwa homa, baridi, maumivu ya mgongo, upele au kushindwa kupumua. Chupa moja isizidi saa 4 tangu ilipoanza kuingia.

Dawa

Kila mwanafunzi wa uuguzi anaikariri kanuni: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, kisha kumbukumbu. Kanuni hiyo ni nzuri, ila inaeleza matokeo yanayotakiwa bila kueleza jinsi ya kuyapata pale ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini na simu inaita. Ushauri wenye manufaa unahusu mazingira ya kazi: dawa zinakaa wapi, zinaandikwaje, nani anahesabu, nani anamkatiza anayehesabu.

Hesabu ya dozi ya mtoto mchanga ni mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu. Mtoto wa kilo 3.2 ameandikiwa gentamaisini miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Dozi yake ni miligramu 16. Ampuli ya watu wazima ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kila mililita, kwa hiyo anahitaji mililita 0.4. Anayeandika amechoka anaandika “.4”, nukta inafifia, na zamu inayofuata inasoma mililita 4. Hizo ni ampuli mbili nzima, dozi mara kumi ya ile iliyokusudiwa, ya dawa inayoweza kuharibu figo na masikio. Kinga zake ni nyepesi. Sifuri iandikwe daima kabla ya nukta, na isiandikwe kamwe baada yake: 0.4, si .4, na 4, si 4.0. Dozi iandikwe kwa miligramu pamoja na mililita. Mtu wa pili afanye hesabu yake tangu mwanzo bila kuonyeshwa jibu la wa kwanza, kwa sababu anayeonyeshwa jibu huliona sahihi. Halafu kuna ishara ambayo hata mwanafunzi anaweza kuitumia: mtoto mchanga akionekana kuhitaji zaidi ya ampuli moja ya dawa ya watu wazima, kazi isimame mpaka hesabu irudiwe.

Dawa chache zina hatari kubwa kuliko nyingine zote na zinastahili utaratibu wake. Potasiamu kloraidi iliyokolezwa ikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo, na ampuli yake kwa macho hufanana na ya maji ya sindano. Haifai kukaa kwenye troli ya kawaida. Ihifadhiwe kwenye kabati la kufungwa, iwekewe alama inayoonekana, na itolewe na watu wawili kwa ajili ya kuchanganywa kwenye dripu tu. Insulini ipimwe kwa bomba la sindano la insulini lenye alama za yuniti. Kuipima kwa bomba la kawaida ni kumchezea mgonjwa bahati nasibu.

Magnesiamu salfeti imeokoa akina mama wengi wenye kifafa cha mimba, lakini ikizidi mwilini husimamisha pumzi. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, mkunga ahakikishe mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi hiyo isitolewe na daktari aitwe. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ndiyo dawa ya kuukabili mzidisho huo, ikae pamoja na magnesiamu yenyewe. Ikiwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko nyumbani, ni sawa na kutokuwepo.

Muuguzi anayeandaa dawa asikatizwe. Baadhi ya hospitali huchora mstari sakafuni kuzunguka meza ya dawa, nyingine humvalisha anayegawa dawa kizibao cha rangi ili ndugu na wenzake wajue asisemeshwe. Njia yoyote inafaa ikiwa mkuu wa wodi mwenyewe anaiheshimu. Na dawa isiandikwe kwenye chati kuwa imetolewa kabla haijamezwa au kuchomwa. Kutia saini mapema ili kuokoa muda ndiko kunakofanya mgonjwa aliyekuwa chooni akose dawa huku karatasi ikidai ameipata.

Mpangilio wa vifaa unasaidia zaidi ya mabango ya kukumbushana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa hatua tano ambao Tanzania iliupa majina yake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hospitali nyingine nyingi zimeufuata. Faida yake huonekana siku ya dharura, muuguzi mgeni anapofungua troli na kukuta kila kitu mahali kilipoandikwa kuwepo. Troli ya dharura ikaguliwe kila zamu, na mkaguzi auguse mtungi wa oksijeni, aubonyeze mfuko wa kupumulishia na kuangalia barakoa zote, zikiwemo za mtoto mchanga namba 0 na namba 1.

Mikono

Mwaka 1846 katika kliniki moja ya uzazi huko Vienna walikufa mama 11 hivi kati ya kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis alipowalazimisha madaktari na wanafunzi kunawa kwa maji ya klorini kuanzia 1847, vifo vilishuka hata chini ya 2 kwa kila 100 mwaka uliofuata. Leo hakuna anayebisha kwamba mikono inaua. Tatizo lililobaki ni la mahali na muda.

Nyakati tano za kusafisha mikono zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kamili kama kuweka kanula, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mhudumu mwenye wagonjwa wengi hawezi kwenda kwenye sinki mara hizo zote ikiwa sinki liko mwisho wa korido na bomba lina maji siku tatu kwa wiki. Kitakasa mikono cha pombe kiwekwe kwenye kila kitanda au mfukoni mwa mhudumu. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha, ilhali maji na sabuni huhitaji sekunde 40 hadi 60. Duka la dawa la hospitali linaweza kukitengeneza lenyewe kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Mikono yenye uchafu unaoonekana, au ya aliyemhudumia mwenye kuhara, inahitaji maji tiririka na sabuni.

Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu moja inayotembea kutoka kitanda hadi kitanda humlinda mvaaji na kuwasambazia wagonjwa vijidudu. Mhudumu naye anastahili kulindwa: sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko, kisanduku cha usalama kifungwe kikifika robo tatu, na anayejichoma apewe dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote ndani ya saa 72. Hospitali isiyojali sindano inayomchoma muuguzi wake isitarajie muuguzi huyo ajali kwa moyo mkunjufu.

Kuona mapema

Wagonjwa wachache hufa ghafla wodini. Wengi huonyesha dalili saa kadhaa kabla, na dalili ya kwanza mara nyingi ni upumuaji kuongezeka. Lakini upumuaji ni kipimo kinachoghushiwa mara nyingi. Chati nyingi zina “20” kwa kila mgonjwa, asubuhi na jioni. Uhesabiwe dakika nzima, kwa saa, mgonjwa akiwa ametulia. Katika mfumo wa alama uliotungwa na chuo cha kifalme cha madaktari bingwa cha Uingereza mwaka 2012, mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika hupata alama 3 kwa kipimo hicho peke yake, sawa na mtu ambaye namba ya juu ya presha yake haizidi 90. Alama za upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto hujumlishwa. Jumla ya 5 inataka daktari aitwe haraka, na 7 au zaidi ni dharura.

Wodi haihitaji kompyuta kwa hili, karatasi yenye rangi inatosha. Kinachohitajika ni jibu lililokubaliwa kabla: alama zikifika kiwango fulani anaitwa nani, kwa namba gani, na asipopokea ndani ya dakika 15 anaitwa nani mwingine. Bila jibu hilo muuguzi hupima, huandika, na mgonjwa huendelea kuzidiwa kwenye karatasi nadhifu.

Neno la mama au ndugu kwamba “leo hayuko kama jana” liandikwe kama kipimo kingine chochote, hasa kwa watoto. Mara nyingi hutangulia mashine.

Chumba cha kujifungulia

Hapa ndipo Tanzania na Kenya zimetoa baadhi ya ushahidi bora zaidi duniani kuhusu usalama wa mgonjwa, na wakunga wanapaswa kuujua kwa sababu ni kazi ya mikono ya wakunga.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua huua haraka, na kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa macho. Macho hukosea, hasa damu ikiingia kwenye khanga na godoro. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusu akina mama zaidi ya 200,000 na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo inayowekwa chini ya mama mara tu baada ya kuzaa. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine za hatari, mkunga alianza hatua zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, kisha kuchunguza chanzo na kuita msaada. Hakusubiri hatua moja ishindwe ndipo aende ya pili. Kwenye hospitali zilizofuata utaratibu huo, kutokwa na damu kuligunduliwa kwa akina mama 93 kati ya kila 100 waliokuwa nako. Kwenye zile zilizoendelea kama zamani, 51. Waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo ili kuzuia damu au waliofariki kwa damu walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3.

Hakuna dawa mpya hapo. Kipya ni kupima na kufanya yote kwa pamoja. Kituo kisicho na karatasi hiyo kinaweza kutumia beseni na kupima khanga zilizolowa kwa mizani, kila gramu iliyozidi uzito wake zikiwa kavu ikihesabiwa kama mililita moja, na kuweka dawa zote za hatua hizo kwenye kisanduku kimoja ambacho mkunga anakifikia bila kuondoka kwa mama. Oksitosini ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokaa dirishani juani inaweza isifanye kazi hata dozi ikiwa sahihi. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 ya mshipa kwa dakika 10, itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe.

Ushahidi wa pili unatoka Haydom, mkoani Manyara. Wakunga wa hospitali hiyo walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua: kumkausha, kumsisimua, na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mtihani wa mwanasesere walifanya vizuri, lakini watafiti walipowaangalia kazini na watoto halisi, hawakuona tofauti ya maana. Hospitali ikabadilisha njia. Mwanasesere akawekwa palepale chumba cha kujifungulia, na wakunga wakafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ulipelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Somo la Haydom ni zito kwa kila anayepanga mafunzo. Semina ya siku tatu hotelini, yenye posho na cheti, humwondoa mkunga wodini na kumrudisha na ujuzi unaofifia upesi. Dakika tano kila Jumatatu asubuhi, mwanasesere mezani na mwenzako akishika saa, hugharimu karibu bure. Wenye fedha za mafunzo wangefanya vyema kuzielekeza huko.

Upasuaji

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto, New Delhi na Manila. Matokeo ya jumla, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha ina vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Hapo huulizwa kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji gani na upande gani, mzio wa dawa, damu inayotarajiwa kupotea, kama antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, na mwishoni kama vitambaa na vifaa vimehesabiwa vikatimia. Msomaji wake mara nyingi ni muuguzi. Orodha inayojazwa ofisini baada ya upasuaji, au kuwekewa alama zote na mtu mmoja kimyakimya, haimlindi yeyote. Nguvu yake iko kwenye watu kusimama, kutajiana majina na kusikilizana. Daktari mpasuaji anayeweka kisu chini na kusubiri muuguzi amalize kusoma huwafundisha wote waliomo kwamba sauti ya muuguzi ina nafasi mle ndani.

Muuguzi naye ajizoeze maneno ya kusimamisha kazi kwa heshima: “Dokta, samahani, nina wasiwasi na dozi hii.” Asiposikika, arudie kwa uwazi zaidi: “Dokta, naomba tusimame, hii si salama kwa mgonjwa.” Akipuuzwa mara ya pili, amwite mkubwa wa kazi. Uongozi utangaze mapema kwamba anayesema hivyo kwa nia njema hataadhibiwa hata ikionekana baadaye kwamba wasiwasi wake haukuwa na msingi.

Kosa likitokea

Kwanza mgonjwa ashughulikiwe. Kisha daktari ajulishwe, mgonjwa au ndugu waelezwe ukweli kwa lugha nyepesi na kuombwa radhi, na tukio liandikwe siku hiyohiyo. Chupa, bomba la sindano na chati vihifadhiwe. Madhara ya dawa yaripotiwe kwa mamlaka husika, ambayo Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Swali linalofuata huamua kama kosa litajirudia. Hospitali nyingi huuliza “Nani amefanya?” na zikimpata huishia kwenye barua ya onyo. Swali lenye faida ni “Kitu gani kiliwezesha jambo hili litokee?” Mara nyingi jibu ni ampuli mbili zinazofanana kwenye boksi moja, muuguzi aliye kazini saa ya kumi na nne, au mwandiko usiosomeka ambao kila mtu aliogopa kuuulizia. Akifukuzwa mtu na ampuli zikabaki pamoja, mwingine atazichanganya. Kwa upande wa pili, aliyekuja kazini amelewa au aliyeghushi vipimo kwa makusudi hawezi kujificha nyuma ya hoja ya mfumo, na wenzake wanajua tofauti hiyo vizuri. Wodi ianze kwa kuandika makosa yaliyokamatwa kabla ya kumfikia mgonjwa, kwa kuwa hayana machozi ndani yake na watu huyasema kwa urahisi. Muuguzi ambaye kosa lake limemdhuru mtu naye aangaliwe. Wengi hukosa usingizi, na wengine huacha kazi kimyakimya.

Wauguzi wachache

Hakuna ushauri unaoziba pengo la watumishi. Utafiti wa hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi hupandisha uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 za kulazwa kwa asilimia 7. Hospitali za Afrika Mashariki zina wagonjwa wengi zaidi kwa muuguzi kuliko hizo, na wasimamizi wanapaswa kuipeleka hoja hii kwenye bajeti wakiitaja kama suala la vifo.

Wakati huohuo kuna la kufanya. Wagonjwa mahututi walazwe karibu na meza ya wauguzi, wala si palipobaki kitanda. Mwanzoni mwa zamu wagonjwa wapangwe kwa uzito, na wale watatu au wanne wa hatari zaidi watajwe kwa majina. Kazi zisizohitaji muuguzi, kama kufuata dawa stoo, kupeleka sampuli maabara na kusukuma machela, zipewe wahudumu wengine. Zamu za saa 12 zisifuatane bila mapumziko, na muuguzi mpya asiachwe peke yake usiku.

Mgonjwa na ndugu zake

Katika wodi nyingi ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha na kugeuza. Afundishwe badala ya kufukuzwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza abadilishwe upande kila baada ya saa 2 hivi, na ndugu aliyeonyeshwa mara moja, na kuelezwa kwamba wekundu usiopotea ukibonyezwa ni mwanzo wa kidonda, anaweza kuwa mlinzi mzuri. Aambiwe pia asifungue wala kufunga dripu, na asimpe mgonjwa dawa yoyote ya nyumbani bila kusema.

Maelezo ya kuondoka nayo yathibitishwe. Badala ya “Umeelewa?”, ambalo hujibiwa “ndiyo” daima, mgonjwa aombwe kurudia: “Mama, nieleze hivi vidonge utavimezaje ukifika nyumbani.” Akikosea, maelezo yabadilishwe na mgonjwa asikaripiwe. Mgonjwa aliyefokewa hafichui kwamba hajaelewa, hasemi kwamba dawa aliyopewa leo ina rangi tofauti na ya jana, wala haiti mtu kifua kinapombana usiku.

Pa kuanzia

Wodi inayotaka kubadilika ichague jambo moja, si kumi. Kama ni upumuaji, mkuu wa wodi achukue chati kumi kila Ijumaa na kuhesabu ni ngapi zina namba iliyopimwa kweli, kwa kupima tena wagonjwa wachache yeye mwenyewe. Kama ni dawa, zihesabiwe dozi zilizopaswa kutolewa jana na zile zilizotolewa kwa wakati. Namba iandikwe ukutani, mahali wahudumu wote wanapoiona, bila jina la mtu. Ikikwama, wahudumu waulizwe kinachowazuia, na kizuizi kimoja kiondolewe kabla ya Ijumaa inayofuata: saa ya ukutani iliyokufa, kipimo cha presha kinachozungushwa wodi tatu, fomu zilizokwisha. Ikipanda na kukaa juu miezi miwili au mitatu, hata wakati wa likizo na wa wanafunzi wapya, ndipo wodi ichague jambo la pili.